Kompyuta Ikileta Uhuni, Usikimbilie Kufuta Vyote

Wiki hii nusura kibarua kiote nyasi. Sikiliza kisa chenyewe.

Mimi nachapa kwenye steshenari moja hapa Tandika, Temeke. Jumatatu saa nane mchana akaingia mzee mmoja, anataka hati ya mauziano ya kiwanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fanya haraka kijana wangu, saa tisa na nusu mwenyekiti wa mtaa anaondoka, na mnunuzi ana safari."

"Dakika kumi tu mzee," nikajibu kwa mbwembwe.

Nafungua Word, lahaula! Ukurasa mtupu unakuja na mwandiko wa kadi ya harusi, mkubwa kama wa bango la sinema. Nafunga, nafungua, yale yale. Nazima kompyuta, nawasha, bado tu. Kijasho chembamba kikaanza kunitoka.

Bosi akampigia simu fundi wake wa Mwananyamala. Jamaa hata mashine hajaiona, eti ifutwe yote ipigwe Windows upya, elfu thelathini! Pesa si hoja. Mle ndani kuna kazi za wateja za miaka mitatu na hatujazinakili popote. Ufute vyote kwa ajili ya mwandiko?

"Mama, nipe nusu saa," nikamwomba bosi.

Nikafungua barua ya wiki iliyopita, iko safi. Nikajua hapo hapo kwamba ugonjwa uko kwenye kurasa mpya tu. Word ina faili linaloitwa Normal, na kila ukurasa mpya unafuata vipimo vya faili hilo. Kumbe Jumapili mtoto wa dada yake bosi alichapa kadi za sendofu, akaiamuru mashine mwandiko ule uwe wa kazi zote!

Dawa ni hii. Hifadhi kazi zako, kisha funga Word kabisa. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R. Andika %appdata%\Microsoft\Templates halafu bonyeza Enter. Ukiliona faili la Normal, usilifute, libadili jina tu, liite NormalZamani. Fungua Word tena, yenyewe itatengeneza Normal mpya yenye vipimo vya kiwandani. Barua zako haziguswi. Utakachokosa ni mitindo na makro ulizokuwa umeziweka kwenye lile la zamani, na ukizihitaji faili lenyewe bado lipo.

Saa tisa na robo mzee akatoka na hati yake mkononi, karibu anikumbatie. Bosi naye elfu thelathini yake imebaki mkobani, ila soda sijaiona mpaka leo!

Jioni ile ile tulinunua flashi tukanakili kazi zote. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini na wewe usibomoe nyumba nzima kwa sababu ya ufa mmoja.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.