Betri ya Kazi Mbili Si Betri Mbili

Wacha niseme kitu ambacho wasee wa magari ya porini hawatapenda. Ile betri unayoiona kwenye kila video ya kambi siku hizi, ile ya bei kali yenye kibandiko cha Dual Purpose, si ya kila mtu. Kama gari yako ni otomatiki, una friji, na unapenda kulala mahali hakuna netwaki, kuna uwezekano mkubwa unanunua shida kwa bei ya juu.

Najua mtaniambia nini. Mimi mwenyewe nilipiga picha nikiwa nimeishika hiyo betri kama kombe. Picha bado iko. Sijaitoa, ndio mnicheke vizuri.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu ana Prado ya dizeli, otomatiki, kuukuu lakini safi. Betri yake ilikuwa imechoka, tukaingia duka moja hapa Kitengela kutafuta nyingine. Muuzaji akatoka nje, akaona hema juu ya kereya, akajua wateja wamejileta. "Boss, chukua hii. Inawasha gari, inaendesha friji siku tatu, huhitaji kitu kingine." Tukalipa karibu mara tatu ya bei ya N70 ya kawaida. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Siku tatu za friji gani? Kwenye joto gani? Manze, tulikuwa tunawaza picha.

Ijumaa tukatoka watu wanne. Isinya, tukakata kulia kwenda Kiserian, tukapanda Kona Baridi, kisha ule mteremko mrefu wa bondeni, Olorgesailie, Magadi, halafu vumbi mpaka Shompole. Tukaegesha karibu na mto Ewaso Ng'iro jioni, injini ikazimwa. Friji ilikuwa na nyama, soda, na insulini ya rafiki yetu ambaye ana kisukari. Hiyo ya insulini muikumbuke.

Jumamosi hatukuwasha gari hata dakika moja. Kwa nini tuiwashe? Si tuna betri ya kazi mbili? Jumapili asubuhi binamu akageuza ufunguo. Tik. Tik. Kimya.

Mtu akasema tusukume. Hapo ndipo nilijifunza kitu ambacho kila mtu aliyenunua gari ya Japani anafaa kuambiwa siku anachukua ufunguo: otomatiki haisukumwi. Gari ya gia za mkono unaisukuma, dereva anaweka gia ya pili, anaachilia klachi, inakohoa, inawaka. Kwenye otomatiki pampu ya mafuta ya gia huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala, gia hazishiki kitu. Hata msukumwe na kijiji kizima mtatoa jasho tu.

Rafiki yetu alitoa kalamu zake za insulini kwenye friji, akazifunga kwa kitambaa chenye maji, akaziweka kivulini. Hakulalamika. Alikuwa tu anaenda kuzigusa kila baada ya muda kidogo, na sisi tunajifanya hatuoni.

Mzee mmoja alipita na mbuzi wake. "Vijana, gari imekataa?" Tukasema, "Imekataa, mzee." Akazunguka, akaangalia lile hema, taa nne za mbele, spika, hakusema neno. Akamtuma kijana wake na pikipiki. Ikachukua karibu masaa sita mpaka pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi ikatokea, Hilux ya zamani, na chini ya boneti N70 ya kawaida imejaa vumbi. Tukaunganisha nyaya, tukangoja kidogo, Prado ikawaka. Betri yetu ya kifahari ikaokolewa na betri ya theluthi ya bei yake.

Sasa wacha tuongee mambo ya ndani, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Betri ya kawaida ya gari ina sahani nyingi nyembamba za madini ya risasi. Zimetengenezwa zitoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, stata izunguke, halafu oltaneta ijaze. Ukiinyonya polepole mpaka chini mara kadhaa, inakufa. Betri ya sola ina sahani nene, hiyo inavumilia kunyonywa usiku kucha lakini haina ule mshtuko mkubwa wa kuwasha dizeli baridi. Ya kazi mbili iko katikati: inawasha vizuri, na inavumilia kunyonywa kuliko ile ya kawaida. Hiyo ni kweli. Nyingi ni za aina ya AGM, hazimwagi asidi, na zinastahimili mtikisiko wa barabara kama ile ya kutoka Magadi. Sijasema ni takataka.

Ninachosema ni kwamba neno "mbili" liko kwenye kazi, haliko kwenye tangi. Tangi ni moja. Friji inakunywa humo, stata inakunywa humo. Friji ikimaliza, stata haina lake. Vitu vyako viwili vya muhimu vinakufa siku moja, saa moja.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Friji ndogo ya kompresa inavuta karibu ampea 4 ikiwa inanguruma. Kwenye joto la Magadi inanguruma karibu nusu ya muda, kwa hivyo piga wastani wa ampea 2 kila saa. Ijumaa jioni mpaka Jumapili asubuhi ni kama masaa 36. Mara 2, unapata 72. Betri yetu ilikuwa ya 75. Ongeza taa na spika. Yaani tulipanga kukwama, tena kwa usahihi, na hatukujua.

Na hata hizo 75 si zako zote. Betri ya risasi ukitaka ikae miaka, usishuke chini ya nusu. Nusu ni kama volti 12.2 ikiwa imetulia. Kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara kinakuonyesha namba hiyo, na ni pesa kidogo kuliko nyama tuliyotupa.

Kuna aibu nyingine. Friji nyingi za gari zina mpangilio wa kulinda betri: L, M, H. Ukiweka H, inajizima mapema. Yetu ilikuwa kwenye L tangu itoke kwenye boksi, na L inaiacha friji inyonye mpaka karibu volti 10. Hapo stata ni ya kupeleka makumbusho. Hakuna msee hata mmoja wa kontenti, mimi nikiwemo, aliyewahi kuwaonyesha hicho kitufe. Tulikuwa bize na machweo.

Basi nani anunue betri ya kazi mbili? Wewe unayelala usiku mmoja na kuendesha kila siku. Wewe ambaye boneti haina nafasi na huna pesa ya mfumo wa pili. Wewe mwenye gari ya gia za mkono na marafiki wenye misuli. Nunua, weka friji kwenye H, beba kifaa cha kuwashia gari kikiwa na chaji, ulale usingizi.

Lakini kama unaenda siku mbili tatu bila kusogea, chukua ile pesa uigawe. Betri ya kawaida ibaki ya injini peke yake. Pesa iliyobaki inunue betri ya sola iliyozibwa, ikae nyuma kwenye buti, na relei ya kuzitenganisha: gari ikiwa inanguruma zote zinajazwa, ikizimwa zinaachana. Fyuzi iwe karibu na kila betri, maana waya mrefu bila fyuzi ni kiberiti. Ya maji usiiweke ndani mnapolala, hiyo inatoa gesi ikichajiwa. Paneli ya wati 100 kwenye jua la Kajiado inarudisha ampea 5 hivi saa za mchana, na hilo jua hakuna anayekulipisha. Ndiyo, haipendezi kwenye picha. Ni waya na boksi. Lakini friji ikifa, unakunywa soda ya moto na unarudi nyumbani.

Wale wa "nunua lithiamu au kaa nyumbani" nitawajibu siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba chini ya boneti ya moto si mahali pake.

Na kabla mtu aseme "ikifa si nanunua nyingine", jiulize hiyo iliyokufa inaenda wapi. Mtu wa vyuma anapita, anakupa mia chache, inaondoka. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi, watoto wakaumia. Phyllis Omido alipigania hilo jambo mpaka akapata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliamua mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazungushwa kwenye rufaa, na ni mwaka 2024 tu Mahakama ya Juu iliporudisha uamuzi huo. Kwa hivyo ukiua betri ya miaka minne ndani ya miezi minne kwa sababu ulitaka barafu, usiniambie ni pesa yako peke yako.

Binamu bado anatetea betri yake. Anasema kosa ni friji. Jumamosi tunaenda kwa fundi wa umeme kuweka ya pili, na yeye ndiye analipia relei, kwa hivyo mimi nimenyamaza.

Mkitaka kuniuliza mnunue gani, sitajibu jina la kampuni. Nitauliza: gari ni otomatiki? Unalala usiku ngapi bila kuwasha? Na ndani ya friji kuna soda, ama kuna dawa ya mtu?