Ramani za Udzungwa zisiozee kabatini
Ramani za zamani za milima ya Udzungwa, za skeli ya 1:50,000, zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa angani. Kwenye magenge, kontua za kahawia zimebanana hadi karibu kugusana. Kwingine ni kijani cha msitu, bila barabara wala kijiji. Kijani kile si utupu hata kidogo. Mle katika msitu wa Ndundulu alikuwamo kipunji, kima aliyetangazwa duniani mwaka 2005 tu, ilhali wazee wa Rungwe, anakoishi pia, walikuwa na jina lake tayari. Karatasi hizi zinatuonyesha msitu uliishia wapi enzi hizo. Ewe uliye nazo, usizichome wala kuzifungia vitu: zipeleke maktaba, zipigwe picha, zihifadhiwe.