Baiskeli ya Mwanafunzi Yastahili Kuingia Darasani

Kila siku ya masomo, kabla jua halijachomoza, vijana wengi katika nchi tambarare za Shinyanga, Simiyu na Tabora hupanda baiskeli kwenda shuleni. Wako wanaosafiri kilometa 10, na wako wanaosafiri 15. Jioni hurudi kwa njia ile ile. Hali hiyo ilienea zaidi baada ya mwaka 2004, shule za sekondari za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi, kwani nyingi kati ya hizo ni za kutwa na kata za vijijini ni pana. Mwezi Januari 2016 ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini umbali umebaki pale pale.

Katika shule hizo hizo, mwalimu wa fizikia anapofundisha habari za kani, kazi na nishati, mara nyingi huchora ubaoni kigari kinachoteremka juu ya ubao usio na msuguano. Hakuna mwanafunzi aliyepata kukiona chombo cha namna hiyo. Na huku nje, chini ya mwembe, zimeegemezwa baiskeli za wanafunzi wake, ambazo zina nyenzo, magurudumu ya meno, msuguano na hewa iliyoshindiliwa. Hapana budi zana hiyo iingizwe darasani. Haja yenyewe si kulipamba somo. Kutozielewa kanuni zake kunawapotezea vijana chakula, muda na hata masomo yenyewe.

Kwanza ni vema ifahamike kwamba baiskeli ni chombo cha ajabu kwa kubana matumizi ya nishati. Mwaka 1973 mhandisi S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alieleza kwamba mtu aendaye kwa baiskeli hutumia takriban sehemu moja ya tano tu ya nishati anayotumia mtu aendaye kwa miguu, kwa umbali ule ule. Lakini faida hiyo hupatikana iwapo chombo kimetunzwa. Baiskeli mbovu hurudisha sehemu kubwa ya mzigo kwenye miguu ya mpandaji.

Tuchukue mfano ambao mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu aweza kuukokotoa. Kijana, baiskeli yake na mzigo wa madaftari na maji vina jumla ya kilogramu 85. Uzito wake ni karibu nyutoni 833. Tuseme kwamba katika barabara ngumu, tairi likiwa limejaa upepo vizuri, kani inayolizuia kubingirika ni sehemu moja ya mia ya uzito huo, yaani nyutoni 8.3. Kwa safari ya kilometa 15, kazi ya kuishinda kani hiyo ni kilojuli 125. Sasa tairi lipungue upepo kiasi cha kani hiyo kuwa maradufu. Kazi itapanda hadi kilojuli 250. Kwa kuwa misuli ya binadamu hugeuza takriban robo moja tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, zile kilojuli 125 zilizoongezeka zitadai kilojuli 500 za chakula. Kwenda na kurudi ni kilojuli 1,000, nazo ni sawa na nishati iliyomo katika gramu 65 hivi za unga wa mahindi.

Basi, tairi legelege linamla mwanafunzi ugali wake kila siku. Kwa kijana aliyetoka nyumbani na kikombe cha uji tu, hasara hiyo ndiyo inayomfanya asinzie katika kipindi cha tatu, naye huitwa mvivu.

Mwendo wa haraka nao una gharama yake. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayeendesha kilometa 18 kwa saa hukabiliwa na ukinzani wa hewa ulio mara 2.25 ya ule wa kilometa 12 kwa saa. Kwa njia ya kilometa 15, mwendo wa kwanza huchukua dakika 50, na wa pili dakika 75. Kwa hiyo mwanafunzi aliyecheleweshwa na kazi za nyumbani, akakimbiza baiskeli kwa kuogopa adhabu ya langoni, huwa amekwisha kulipa kwa jasho kabla hajaadhibiwa. Ratiba ya shule ya kutwa yapaswa kupangwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Yapo na mengine madogo. Mnyororo mkavu uliojaa vumbi hula nguvu za mpandaji na kuyasaga meno. Kiti kilicho chini mno huchosha magoti. Kipimo chepesi ni kwamba mpandaji akiweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Mafundi baiskeli wa sokoni wanayajua haya kwa uzoefu, na mwalimu asione haya kumwalika mmoja wao darasani.

Watakuwapo watakaosema kwamba dawa ya umbali ni mabweni, wala si pampu. Wanasema kweli. Njia ya kilometa 15 gizani ina hatari zisizoondolewa na tairi gumu, hasa kwa wasichana, na juhudi za kujenga mabweni zisilegezwe. Lakini bweni litakalokamilika baada ya miaka mitatu halimfai kijana wa kidato cha nne anayeendesha baiskeli muhula huu. Aidha, baiskeli yenyewe imekwisha thibitisha thamani yake. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, India, ilianza kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununulia baiskeli. Utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba uandikishaji wa wasichana wa rika hilo uliongezeka kwa asilimia 32, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule. Wazazi ambao humpa baiskeli mtoto wa kiume na kumwacha binti atembee wangefaa kulitafakari jambo hilo.

Linaloombwa hapa halihitaji bajeti kubwa. Kila shule ya kutwa iwe na pampu moja, vifaa vya kuziba pancha, spana chache na chupa ya mafuta, navyo vitunzwe maabara kama vitunzwavyo mizani na vipimajoto. Kipindi kimoja cha fizikia katika kila muhula kifanyike chini ya mwembe: wanafunzi wahesabu meno, wapime mzingo wa gurudumu, wakokotoe umbali unaokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedeli, kisha waiachie baiskeli ibingirike yenyewe, mara moja ikiwa na upepo kamili na mara ya pili ikiwa na upepo pungufu, na kulinganisha hatua ilizofika. Somo likiisha, kila mmoja ajaze upepo, apake mnyororo mafuta, na kuanza safari ya kurudi nyumbani.