Askari na Rangi za Maji

Wako wanaodhani kwamba uchoraji wa rangi za maji ni mchezo wa watoto, usiomstahili mtu avaaye sare. Sisi hatukubali. Mwaka 1768 Paul Sandby, mchoraji mashuhuri wa rangi hizo, aliteuliwa mwalimu mkuu wa uchoraji katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza. Kwani zama zile, kabla ya kamera, ofisa alipaswa kuichora mwenyewe nchi aliyoipeleleza.

Askari alindaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, aweza kujifunza papo hapo kijijini Misiera. Asichore adhuhuri, maana huku karibu na Ikweta jua huwa utosini na vivuli hujificha miguuni. Angoje asubuhi au jioni, vivuli virefukapo. Penye nuru asipake kitu: weupe wa karatasi ndio mwanga wenyewe, na ukisha kufunikwa ni shida kuurudisha. Kivuli akipake kwa tabaka nyepesi, kila moja ikauke kwanza. Wala asitumie nyeusi tupu, kwa kuwa ndani ya kivuli mna buluu, zambarau na kahawia.

Hapo ndipo penye faida kwa ulinzi. Jicho lililozoea kutafuta rangi kivulini halitaridhika kumwona mkimbizi aliyeketi gizani mlangoni kuwa doa jeusi tu; litautafuta uso wake. Kwa hiyo twawasihi wakuu wa vikosi vya Mbarara wawatengee askari wao karatasi, brashi, na saa moja kila juma.