Hofu na Hifdhi ya Watoto Wetu



Kila ikaribiapo siku ya kusikiliza hifdhi tunapata malalamiko yale yale. Mtoto nyumbani anaisoma Suratul Mulk mpaka mwisho bila kukwama, lakini akikaa mbele ya ustadh aya zote zinamruka. Wengine husema ni mvivu, wengine husema kahusudiwa. Sisi tunaona ipo sababu ya karibu zaidi, nayo ni hofu.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, mna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Hiyo hupokea jambo jipya na kusaidia kulitafuta linapohitajika. Jirani yake ni amigdala, yenye umbo la lozi, inayoshughulika na mambo ya kutisha. Mtu akitishwa, amigdala hupiga mbiu, na tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli katika damu. Homoni hiyo ikifika kwenye hipokampasi, kazi ya kutafuta kilichohifadhiwa hudorora. Aya haikufutika, ila njia ya kuifikia imezibwa.

Mwaka 1998 mtafiti Dominique de Quervain na wenzake walilieleza jambo hili kwa majaribio ya panya waliofundishwa kutafuta mahali pa kusimama palipofichwa ndani ya maji. Waliopigwa shoti ya umeme nusu saa kabla ya mtihani walipotea. Waliopigwa dakika 2 tu kabla, au saa 4 kabla, walikumbuka. Homoni ilihitaji muda kupanda, kisha ikashuka.

Sasa tujitazame. Mtoto amecheleweshwa na kivuko cha Msangamkuu, anachapwa mlangoni, na baada ya nusu saa anaitwa asome. Hapana shaka tumemchagulia saa mbaya kuliko zote, kisha tunamwandikia sifuri.

Wapo wazee watakaosema: "Sisi tulichapwa na tukahifadhi." Ni kweli, wapo waliohifadhi. Lakini waliokimbia chuo kwa sababu ya bakora hawapo hapa kutoa ushahidi wao. Tena hofu yenyewe hukumbukwa sana, kwani amigdala hukazia kile kilichotisha. Mtoto atamkumbuka ustadh na fimbo yake hata uzeeni, na aya aliyokuwa akiulizwa asiikumbuke.

Huku kwetu hofu haianzii madrasa. Mji wa Mtwara uliona ghasia za bomba la gesi mwezi Mei 2013. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma, kilivamiwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, Msumbiji, si mbali na mdomo wa mto. Mtoto aliyelala porini usiku kama huo anaweza kuja darasani akiwa mwili tu. Msongo wa muda mrefu, kwa ilivyoonekana kwa panya, hufupisha matawi ya seli za hipokampasi. Na jambo la kutia moyo ni kwamba matawi hayo hurudi msongo ukiondoka. Basi mtoto wa namna hiyo asiitwe mjinga. Apewe aya chache, arudie na mwenzake, na asishtuliwe kwa kupigiwa meza.

Wazazi nao wasiache mzigo wote kwa walimu. Makelele baada ya Maghribi, na kumwamsha mtoto usiku wa manane aendelee kusoma kwa mtihani wa kesho, ni kumwibia usingizi ambao ndani yake ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana.

Kwa mtihani wa mwaka huu tunapendekeza aliyechelewa asikilizwe kesho yake, bakora zibaki ofisini, na kila mwanafunzi aanze kwa sura aliyoizoea kabla ya kuulizwa ile ngumu.