King'ora Peke Yake Hakitoshi

Gari la nyumbani hupeleka watoto shule, hubeba mgonjwa usiku, na pengine ndilo linaloleta bidhaa za duka. Likiibwa, nyumba nzima huyumba. Basi tusinunue kinga yake kwa pupa.

Tutofautishe vifaa viwili. King'ora hupiga kelele mlango ukifunguliwa au gari likitikiswa. Lakini majirani waliochoshwa na king'ora kinacholia ovyo hawatoki tena kuangalia. Imobilaiza hailii, hukata umeme usifike kwenye stata, pampu ya mafuta au plagi. Mwizi atavunja kioo, lakini injini haitawaka. Fedha zikitosha kifaa kimoja tu, sisi tungechagua imobilaiza inayokata njia mbili au zaidi, na inayojifunga yenyewe tukisahau.

Kwanza tuulize kama gari linayo ya kiwandani. Uingereza, kwa mfano, magari mapya yalilazimishwa kuwa nayo tangu Oktoba 1998.

Kisha tumchague fundi kwa makini. Nyaya zilizounganishwa vibaya humaliza betri au kutuzimia gari njiani na watoto ndani. Tukatae kifaa kinachozima injini gari likiwa mwendoni. Tudai rimoti mbili, na baba na mama wote wajue namna ya kukifungua.

Na tukivamiwa kwa silaha, tutoe ufunguo bila ubishi. Gari hununuliwa tena, mama hanunuliwi.