MWENZAKO AKIKOROMA KAZINI, USICHEKE



Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaingia kazi ya reli, nilikuwa kibarua kwenye jengo moja Kitengela. Siku moja baada ya chakula cha mchana, mwenzetu mbeba mawe alilala kivulini akawa anakoroma sana. Tulicheka, tukasema jana alikunywa. Alipoacha kukoroma tukadhani amepumzika vizuri. Mnyapara alipokuja kumwamsha saa nane, amekwisha kufa.

Mfukoni tulikuta vidonge vikali vya maumivu, alivyonunua bila cheti cha daktari. Mgongo ulimuuma, na siku asiyobeba mawe hakulipwa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na kufuli, na karani amekwenda na ufunguo Nairobi.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, ila sisi hatukuijua.

Dawa za jamii ya afyuni, kama mofini, tramadoli na ule unga wa heroini, zikizidi mwilini huzuia pumzi. Zikichanganywa na pombe au dawa ya usingizi, hatari huzidi. Dalili ni hizi: mtu haamki ukimwita na kumtikisa, anapumua polepole au kukoroma kama aliyekabwa, midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu au ya majivu, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Hapo piga kelele upate msaada na gari. Kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani. Kama anapumua, mlaze ubavu. Usimwache peke yake.

Tena iko dawa iitwayo naloksoni. Hupigwa sindano au hupulizwa puani, nayo humrudishia mtu pumzi kwa dakika chache. Asiye na afyuni mwilini haimdhuru. Lakini nguvu yake hudumu nusu saa mpaka saa moja na nusu hivi, kwa hiyo hospitali ni lazima. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa hii wapewe hata watu wa kawaida wanaoweza kumkuta mtu katika hali hiyo, na wafundishwe kuitumia.

Wakubwa watasema hayo ni mambo ya wavuta unga wa Mombasa. Yule mbeba mawe hakuwa mvuta unga. Alikuwa mtu mwenye maumivu, na wenye maumivu ni wengi kati yetu tunaoinua mataruma na reli. Nasi wa njia ya Konza, Kajiado mpaka Magadi, hospitali iko mbali. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika kwa dakika chache; haungoji gari litoke Kajiado.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika upesi, chini ya mtu anayewajibika, naye apatikane saa zote za kazi. Basi yafaa Chama chetu kidai mambo manne:

Kwanza, kufuli ziondolewe, na kila genge liwe na mtu aliyefundishwa.

Pili, naloksoni iwekwe kazini kwa ushauri wa daktari.

Tatu, anayeita msaada asifukuzwe, wala aliyeokolewa asifukuzwe. Hofu ya kufukuzwa ndiyo inayotufanya tufiche vidonge. Ugonjwa huu hutibika; tangu mwaka 2014 serikali yatoa tiba ya methadoni hapa Kenya.

Nne, mwenye mgongo mbovu apewe matibabu na mapumziko yenye malipo. Hapo ndipo mzizi wa jambo lenyewe.

Najua tuna madai mengi ya mishahara. Lakini mshahara haumfai maiti. Mimi nilicheka siku ile, na sijaisahau. Wewe usije ukacheka.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa reli, Kajiado